DprE1: Kimeng'enya kinachomtengenezea mdudu wa TB sukari ya kujikinga

Mchimbaji wa dhahabu kule Nyarugusu, Mgusu au Mwakitolyo akianza kukohoa, wa kwanza kulaumiwa ni vumbi. Na vumbi kweli lina hatia yake. Lakini mara nyingi nyuma ya vumbi yupo mdudu, bakteria anayeitwa Mycobacterium tuberculosis, ndiye anayeleta kifua kikuu. Mdudu huyu amejivika koti ambalo sehemu yake kubwa imeshonwa kwa sukari ambazo mwili wa binadamu hautengenezi kabisa.

Kiwanda kidogo kinachozalisha moja ya sukari hizo, iliyo muhimu kuliko nyingine, ni kimeng'enya kinachoitwa DprE1. Jina lake halivutii. Ila kikisimama kufanya kazi, mdudu wa TB anakufa, na ndiyo maana wanasayansi wamekuwa wakikiwinda tangu mwaka 2009. Kwa ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga, ambako vumbi la mwamba na TB vinatembea pamoja, habari ya kimeng'enya hiki si ya maabara peke yake.

Sukari yenyewe ni ipi?

Inaitwa arabinosi. Si ya kuweka kwenye chai. Jina lake limetokana na gundi ya kiarabu, ule utomvu unaoganda kwenye gome la aina fulani za migunga, miti ambayo mtu wa Shinyanga aliyekulia karibu na ngitili haitaji kuelezwa. Wanakemia wa zamani waliipata sukari hiyo kwenye utomvu, wakaipa jina, likabaki.

Hapa kuna jambo la kufurahisha kidogo. Arabinosi ya kwenye gundi na arabinosi ya mdudu wa TB ni kama kandambili ya kulia na ya kushoto. Ukizitazama zinafanana kila kitu, lakini huwezi kuvaa moja mahali pa nyingine. Mimea inatumia ya upande mmoja, mdudu wa TB anatumia ya upande wa pili. Hii ya upande wa pili ni adimu sana katika viumbe, na binadamu hana kimeng'enya cha kuitengeneza kwa njia ya mdudu huyu.

Sasa mdudu anaipata wapi? Haokoti mahali. Anaanza na sukari ya kawaida kabisa, ribosi, ambayo ipo katika kila seli hai, iwe ya mtu, ng'ombe au muhogo. Tofauti ya ribosi na arabinosi ni ndogo mno: kwenye kaboni ya pili, kile kipande cha oksijeni na haidrojeni kimeelekea upande tofauti. Basi. Kigeuze upande, umepata arabinosi.

Kugeuza huko hakufanyiki kwa mkupuo mmoja. DprE1 inaichukua ribosi ikiwa imefungwa kwenye mkia mrefu wa mafuta, inanyofoa haidrojeni kwenye ile kaboni ya pili, na sukari inabaki katika hali ya mpito, haijawa huku wala kule. Kisha mwenzake, DprE2, anairudisha haidrojeni kutoka upande mwingine. Vimeng'enya hivi viwili vinafanya kazi kama watu wawili wanaopokezana mzigo mlangoni. Hakuna njia nyingine inayojulikana ya mdudu wa TB kupata arabinosi ya kujengea. Hana pa kukopa.

Koti la mdudu

Ukuta wa mdudu wa TB ni mnene na una matabaka. Ndani kuna wavu mgumu unaofanana na wa bakteria wengi. Juu ya wavu huo kuna kiungo chenye sukari nyingine ngeni kwetu, ramnosi. Kwenye kiungo hicho unaning'inia mnyororo wa galaktosi, nayo ikiwa katika umbo ambalo mwili wa mtu hauna. Halafu ndipo yanachipua matawi ya arabinosi. Na kwenye ncha za matawi hayo ndiko yanakofungwa mafuta mazito kama nta.

Ile nta ndiyo ngao. Dawa nyingi za kawaida za bakteria hupenya kwa shida, na hiyo ni sababu mojawapo ya TB kuhitaji dawa kwa miezi badala ya siku 5 au 7 kama magonjwa mengine. Nta hiyohiyo ndiyo inayomfichua mdudu chini ya darubini: makohozi yakipakwa rangi nyekundu kisha yakaoshwa kwa tindikali, bakteria wengine wanapauka, yeye anabaki mwekundu. Kipimo hicho kimetumika kwenye vituo vya afya kwa vizazi na vizazi. Robert Koch alimtangazia dunia mdudu huyu Machi 24, 1882, na tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa hadi leo kama Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Lakini nta haielei hewani. Imeshikiliwa na arabinosi. Ondoa arabinosi, nta inakosa pa kushika na ukuta mzima unaanza kuporomoka. Hapo ndipo DprE1 inapopata uzito wake.

Kwa nini Geita na Shinyanga?

Ukanda huu unachimbwa siku nyingi. Dhahabu ya Geita ilianza kuchimbwa kwa mashine miaka ya 1930, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Upande wa Kahama kuna Bulyanhulu, na Kishapu kuna almasi ya Mwadui tangu 1940. Lakini pembeni ya migodi mikubwa wapo wachimbaji wadogo, maelfu kwa maelfu, wanaoshuka kwenye maduara kwa kamba, wanaosaga mawe kwenye karasha, na akina mama wanaotwanga mawe kwa nyundo pembeni ya mialo.

Dhahabu ya huku mara nyingi imo ndani ya mwamba mweupe wa kwatzi, na kwatzi ni silika tupu. Ukiuchoronga mkavu au kuusaga mkavu, unatoa vumbi jembamba kiasi cha kufika mwisho kabisa wa mapafu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipima vumbi hilo kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu nchini Tanzania. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na taasisi ya afya kazini ya Marekani ni miligramu 0.05 za silika kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Kwa wanaochoronga chini ya ardhi, wastani ulikuwa miligramu 16.85. Hiyo ni mara 337. Hata kwa waliokuwa juu wakifanya kazi kwenye hewa ya wazi, ilikuwa karibu mara 4 ya kiwango.

Vumbi halina mdudu wa TB, hili lieleweke. TB inatoka kwa mtu mwenye ugonjwa anapokohoa, kupiga chafya au hata kuongea. Kinachofanywa na vumbi ni kuua askari. Ndani ya mapafu kuna seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza kila kigeni kinachoingia. Zikimeza silika, zinajeruhiwa na nyingi zinakufa. Mdudu akifika baadaye anakuta lango limeachwa wazi. Mtu mwenye silikosisi, yaani mapafu yaliyopata makovu kwa vumbi la silika, ana hatari ya kuugua TB takriban mara 3 ya mtu asiye nayo. Akiwa na VVU pia, hatari inapanda zaidi. Na silikosisi yenyewe haina tiba ya kuiondoa.

Hapo hujaongeza vibanda vya kambini ambamo watu kadhaa wanalala chumba kimoja kisicho na dirisha. Wala hujaongeza rashi: habari zikifika kwamba dhahabu imeonekana kwingine, kambi nzima inahama usiku mmoja, mgonjwa na dawa zake, au mgonjwa bila dawa zake.

Kumwagia maji wakati wa kuchoronga na kusaga kunapunguza vumbi sana. Kufunga kitambaa puani hakusaidii kwa chembe ndogo kiasi hiki, ingawa ndicho wengi wanachokuwa nacho. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linataka watu wanaofanya kazi au waliowahi kufanya kazi kwenye vumbi la silika wapimwe TB kwa utaratibu wa kudumu, bila kusubiri waje wenyewe wakiwa hoi.

Dawa ambayo tayari inaigusa sukari hii

Mgonjwa mpya wa TB Tanzania hupewa kidonge kimoja chenye dawa 4 kwa miezi 2 ya kwanza: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi 4 inayofuata anabaki na mbili za mwanzo. Vipimo na dawa ni bure kwenye vituo vya serikali.

Hiyo ethambutoli, iliyogunduliwa mwaka 1961, inafanya kazi kwenye arabinosi. Haigusi DprE1 lakini. Mfano wa tofali utasaidia. DprE1 na mwenzake ndio wanaofyatua tofali. Kuna vimeng'enya vingine, vinavyoitwa Emb, ambavyo ni waashi: vinachukua arabinosi iliyokwisha tengenezwa na kuipanga ukutani. Ethambutoli inamkaba muashi. Tofali zipo, hazijengwi. Mwaka 2020 watafiti walifanikiwa kupata picha ya karibu kabisa ya waashi hao na kuona dawa imekaa palepale ambapo sukari ingepaswa kukaa.

Ukuta ukidhoofika hivyo, dawa nyingine hupenya kwa urahisi zaidi. Ethambutoli peke yake si kali sana, na kazi yake kubwa kwenye kidonge ni kumlinda mwenzake rifampisini asizoewe na mdudu.

Ina tahadhari moja ambayo mtu anayeitumia anapaswa kuijua. Kwa wachache inaathiri mshipa wa jicho. Mtu anaanza kuona ukungu, au rangi nyekundu na kijani zinamchanganya. Akiona hivyo arudi kituoni mara moja, asisubiri tarehe ya kuchukua dawa. Mkojo kuwa wa rangi ya machungwa ni kitu kingine, hiyo ni rifampisini na haina madhara.

Mwingine akimeza dawa wiki 3 anajisikia mzima, anarudi duarani, dawa anaziacha kwenye begi. Hapo ndipo usugu unapoanza. Waashi wa Emb wanabadilika umbo kidogo, ethambutoli haiwashiki tena, na dawa nyingine nazo zinafuata njia hiyo moja baada ya nyingine. TB sugu inahitaji dawa tofauti na uangalizi wa karibu. Kwa Tanzania matibabu yake yalianzia hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro kabla ya kusambazwa mikoani.

Kwa anayehama kufuata rashi, njia ipo: anaaga kituoni kabla ya kuondoka, anapewa barua ya uhamisho, na anaendelea na dozi kwenye kituo cha huko aendako, akianzia alipoishia.

Sukari inapotoka kwenye mkojo

Mdudu wa TB anavyoishi na kufa mwilini anamwaga vipande vya koti lake. Kimojawapo ni LAM, mchanganyiko wa mafuta na sukari wenye arabinosi nyingi. Vipande hivyo vinachujwa na figo na kutoka na mkojo. Kwa hiyo unaweza kumtafuta mdudu wa mapafu kwenye chupa ya mkojo.

Tanzania ina nafasi yake katika historia hiyo. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Mbeya, ukiwa miongoni mwa tafiti za mwanzo kuonyesha kwamba LAM inaweza kukamatwa kwenye mkojo wa wagonjwa bila kuuandaa kwa namna ya pekee. Miaka 10 baadaye, 2015, Shirika la Afya Duniani likapitisha kipimo cha LAM cha kijiti, kinachotoa jibu kwa dakika 25 bila umeme wala maabara.

Kipimo hicho kina mipaka. Kinafaa zaidi kwa mtu anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka sana au anaumwa vibaya, hasa asiyeweza kutoa makohozi. Kwa mchimbaji mwenye nguvu zake asiye na VVU, kijiti mara nyingi kitasema hakuna kitu hata kama TB ipo. Yeye anahitaji kipimo cha makohozi, na mashine ya GeneXpert hutoa jibu ndani ya saa 2 pamoja na kuonyesha kama mdudu ni sugu kwa rifampisini.

Kimeng'enya kinachojimaliza chenyewe

Mwaka 2009 kundi la watafiti kutoka nchi kadhaa za Ulaya na kwingineko, akiwemo Stewart Cole aliyekuwa Lausanne, Uswisi, na Vadim Makarov wa Urusi, walichapisha habari za kundi jipya la dawa lililoua mdudu wa TB kwa kiasi kidogo mno. Iliyoongoza ilipewa namba BTZ043. Walipotafuta inampiga wapi, wakakuta ni DprE1.

Namna inavyomuua ndiyo iliyowashangaza wengi. BTZ043 ikiingia haina makali. DprE1 inaipokea ikidhani ni mali yake ya kila siku, inaifanyia kazi, na katika kufanya huko inaibadilisha kuwa kitu chenye makali. Kitu hicho kinajigandisha kwenye kiungo kimoja cha kimeng'enya, kile cha namba 387, na hakiachii tena. Kwa maneno mengine kimeng'enya kinanoa kisu, kisha kinajichoma.

Madhara hayaishii kwenye kukosa arabinosi. Kumbuka ribosi inafika ikiwa imebebwa na mkia wa mafuta. Mikia hiyo ni michache, na inatumika tena na tena, kama matoroli ya mgodini. DprE1 ikisimama, matoroli yanabaki yamejaa, hayarudi kuchukua mzigo mwingine. Watafiti wanaona hilo linaathiri hata ujenzi wa ule wavu wa ndani, ambao nao unategemea matoroli hayohayo. Mdudu anavimba na kupasuka.

Halafu kuna bahati ya mahali. Mwaka 2015 ilionyeshwa kuwa DprE1 inafanya kazi nje ya utando wa seli, kwenye nafasi kati ya utando na ukuta. Dawa haina haja ya kuvuka utando wa ndani kuifikia. Labda ndiyo maana kemikali za aina nyingi tofauti, zilizotafutwa na makundi yasiyohusiana, zimejikuta zote zikimpiga DprE1.

Mdudu ana njia ya kukwepa. Akibadilisha kile kiungo cha 387, BTZ043 inakosa pa kushika. Ndiyo maana hakuna anayeizungumzia kama dawa ya kumezwa peke yake.

Kwa ukoma pia kuna matumaini ya aina hii. Mdudu wa ukoma ni ndugu wa yule wa TB, na katika historia yake amepoteza matumizi ya sehemu kubwa ya jeni zake, lakini ya DprE1 ameitunza. Inavyoelekea hawezi kuishi bila hiyo. Tanzania magonjwa haya mawili yako chini ya mpango mmoja wa taifa tangu mwaka 1977, mpango ambao Karel Styblo alishirikiana nao kutengeneza mtindo wa matibabu ya muda mfupi ya TB yenye usimamizi, uliokuja kusambazwa duniani miaka ya 1990.

Zimefika wapi?

BTZ043 imeshajaribiwa kwa wagonjwa wa TB nchini Afrika Kusini. Nyingine inayopiga DprE1, quabodepistat ya kampuni ya Otsuka ya Japani, nayo imepitia majaribio kwa wagonjwa nchini humo. Zote mbili zinapimwa zikiwa pamoja na dawa nyingine, lengo likiwa kufupisha miezi ya kumeza vidonge. Kwa mtu anayehama na rashi, kupungua hata kwa mwezi mmoja ni jambo kubwa.

Kuna sababu ya kutoharakisha furaha. Miaka iliyopita dawa iitwayo SQ109, iliyotokana na kuboresha umbo la ethambutoli, ilionekana ya kuahidi sana maabara. Ikajaribiwa Tanzania na Afrika Kusini pamoja na mchanganyiko mwingine, kwa wagonjwa 365, na matokeo yakatoka 2017. SQ109 haikuongeza chochote. Aliyeshinda katika jaribio lile alikuwa mzee wa siku nyingi, rifampisini, akiwa ameongezwa kipimo hadi miligramu 35 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa, ambapo kipimo cha kawaida ni kama 10.

Kwa sasa, mgonjwa anayeandikishwa kliniki ya TB Geita mjini au Kahama, kazi ya kumnyima mdudu ukuta wa arabinosi inafanywa na ileile ethambutoli ya 1961, miezi 2 ya mwanzo, ndani ya kidonge kimoja na wenzake 3.